Mama Foleni na Mholanzi wa Ukuta

Hapa Rovigo, mji mdogo wa Italia, hakuna aliyepata simu bila kupita mikononi mwa Ersilia Bragantin, na Ersilia Bragantin hakuwa na haraka na mtu. Alikaa ghorofa ya kwanza ya jengo la simu, karibu na dirisha la kushoto, juu ya kiti cha ngozi kilichopasuka. Alikiziba mwenyewe kwa utepe mweusi ambao mafundi hufungia nyaya. Maombi yaliingia kwenye kompyuta yake, akayapanga, akawagawia mafundi kazi: wewe nenda Borsea, wewe nenda mtaa wa Via Miani, na wewe rudi Via Miani maana jana uliharibu. Aliyetangulia kuomba ndiye aliyetangulia kupata. Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake, na kwa sababu hiyo mji mzima ulimwita Mama Foleni, wengine kwa mapenzi na wengine wakisaga meno.

Dada yake wa damu alihamia nyumba mpya akangoja siku kumi na moja. Padri aliombea laini ofisi ya parokia, naye akangoja siku kumi na moja, na Jumapili alihubiri kwa kirefu juu ya subira huku akimtazama mtu mmoja tu. Siku moja mkurugenzi wetu wa mkoa alipiga simu mwenyewe.

"Ersilia, unajua unaongea na nani?"

"Najua sana, Mkurugenzi. Naongea na namba thelathini na nne."

Kisha ukaja ukuta.

Zamani kampuni ya simu ilikuwa moja tu, ya serikali, na mteja aliyeudhika alikuwa na hiari ya kuudhika zaidi. Baadaye soko likafunguliwa, washindani wakaingia. Lakini washindani hawakuwa na nyaya zao, walikodi zetu. Kwa hiyo tuliuza simu kwa wateja, na papo hapo tukawakodisha nyaya watu waliotaka kutunyang'anya wateja haohao. Walilalamika kwamba tunajipendelea, na kwa kweli mahali pengi tulijipendelea bila haya. Mwishowe amri ikatoka juu: jikateni vipande viwili. Ghorofa ya kwanza itakuwa idara ya mtandao, iwahudumie wote sawasawa, sisi na washindani. Ghorofa ya pili itakuwa idara ya mauzo, ipigane sokoni kama kampuni nyingine yoyote. Siri za washindani zilizopo ghorofa ya kwanza zisipande ngazi. Huo ndio ukuta.

Mimi niliajiriwa mwaka huo, shahada ya uchumi ikiwa bado inanuka wino, nikawekwa ghorofa ya tatu kuandika kumbukumbu za vikao. Niliamini amri ile ilikuwa ya haki, na bado naamini. Shirika lililojengwa kwa jasho la watu wote halina ruhusa ya kumkaba koo mgeni eti kwa sababu lenyewe lilitangulia kuzaliwa. Kilichonichoma ni jinsi wakubwa walivyoitekeleza. Walichora chati zenye mishale, wakabadilisha majina ya vyeo, wakafunga mlango wa ngazi kwa kufuli la kadi. Halafu wakaingia chumba cha chakula wakabandika utepe wa manjano sakafuni, kutoka kwenye mashine ya kahawa hadi dirishani. Mtandao kushoto, mauzo kulia. Watu waliogawana mkate miaka ishirini wakaanza kupeana chumvi kwa kuisukuma mezani kama wafungwa.

Mlinzi wa ukuta huo aliletwa kutoka Uholanzi. Aliitwa Joost Terpstra, mtu mrefu, mwembamba, mwenye adabu nyingi, aliyejifunza Kiitaliano kwa kusikiliza kanda. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeamini kila kitu kilichoandikwa, hasa alichokiandika yeye. Alibandika kanuni zake tisa kila mlangoni, na mchana alikaa kwenye kiti alichokiweka juu ya utepe, miguu miwili ya kiti huku na miwili kule. Alikula tufaha na kuandika katika daftari.

Sasa, huwezi kumwelewa Ersilia bila briskola. Huu ni mchezo wa karata wa watu wanne, wawili dhidi ya wawili. Wenzi hukaa wakitazamana na wanaruhusiwa kupeana ishara kwa uso: nina ree ya turufu, nina mfalme, sina kitu mama yangu. Mpinzani akiiona ishara yako akaielewa, shauri yako. Kila mwaka klabu ya wafanyakazi wa simu ina mashindano. Kwa miaka tisa kombe lilikuwa la Ersilia na Oreste Finotti, aliyekuwa fundi mkuu ghorofa ya kwanza. Tulipoanza kukatwakatwa, Oreste alichukua kiinua mgongo na kuhamia kwa mshindani, kampuni ya Brezzafon, akawa mkuu wao wa wilaya. Klabu haikuwa na kanuni ya kumfukuza mwanachama aliyehama, kwa hiyo alibaki, akatafuta mwenzi mwingine, dereva wake Fausto.

Ersilia hakumsema vibaya. Alimchukua Gualtiero Schiesari wa ghorofa ya pili, muuzaji mnene aliyezunguka na baiskeli, na akamwambia, "Ishara zote mpya. Oreste anazijua za zamani kuliko anavyojijua yeye mwenyewe."

Walizitunga wenyewe, hazikufanana na za mtu yeyote Italia. Shida ilikuwa mazoezi. Utepe wa manjano ulikuwa kati yao, na kuvusha karata kungeonekana. Basi wakawa wanafanya mazoezi bila karata, kila mtu kwenye meza yake. Ersilia anatoa ishara kutoka kushoto, Gualtiero kule kulia anaandika thamani ya karata kwenye karatasi ya kufutia mdomo: ree kumi na moja, tatu kumi, mfalme nne, farasi tatu, ghulamu mbili. Wakitoka, anamwonyesha karatasi uani kwenye baiskeli. Akikosea, Ersilia anamwita boga.

Bwana Terpstra aliziona ishara hizo kwa wiki tatu. Kisha akaokota karatasi moja kwenye pipa. Iliandikwa 11, 10, 4, 11.

Balaa ni kwamba makabati ya nyaya ya barabarani nayo yana namba. Kabati la kumi na moja liko Via Miani, na wiki hiyohiyo wateja watatu wa Brezzafon wa Via Miani walikuwa wamerudi kwetu. Kanuni zilimlazimu Bwana Terpstra kuwaarifu Brezzafon, na siku mbili baadaye malalamiko yao rasmi yakafika, yenye saini ya Oreste Finotti: kuna mtu ghorofa ya kwanza anavujisha siri, na mtu huyo hupiga ishara wakati wa chakula.

Ersilia akaitwa kwenye kikao cha Alhamisi. Barua ilisema wazi kwamba akikutwa na kosa atahamishiwa ghala la Marghera kulinda mabunda ya waya, miaka mitatu kabla ya kustaafu, na kiti chake atapewa mtu mwingine. Fainali ya briskola ilikuwa Jumamosi: Ersilia na Gualtiero dhidi ya Oreste na Fausto.

Nilikuwapo, nimeandika kumbukumbu. Bwana Terpstra alikaa kichwani mwa meza. Oreste alikaa upande wa dirisha, suti mpya, haki yake kama mlalamikaji kusikia kila jibu. Ersilia alikuja na begi la sokoni, majani ya figili yakichungulia, na Gualtiero, aliyeitwa naye, akimfuata nyuma.

"Bibi Bragantin," alianza Mholanzi, "tarehe tisa, saa saba na dakika kumi mchana, ulipuliza supu yako."

"Supu hupulizwa, bwana."

"Ilikuwa imepoa. Ulipoondoka niliipima."

"Kwa kidole chako?"

"Kwa kipimajoto."

Gualtiero alikohoa hadi machozi yakamtoka. Bwana Terpstra akafungua ukurasa mwingine. "Tarehe hiyohiyo ulikuna sikio la kushoto mara mbili. Tarehe kumi ulitazama saa ya ukutani. Saa hiyo imekufa tangu Agosti. Bwana Schiesari, baada ya kila tendo, aliandika namba."

"Ni karata!" Gualtiero akapasuka. "Ni briskola, jamani! Tunafanya mazoezi ya—" Hapo Ersilia alimpiga teke chini ya meza. Nililisikia.

"Nilifikiria hilo pia," alisema Bwana Terpstra kwa upole. "Nikaenda baa ya uwanjani, mwenye baa akanifundisha ishara za briskola. Ree ni kukunja midomo. Mfalme ni kuinua macho juu. Ghulamu ni kutoa ncha ya ulimi. Kwa wiki tatu sijaona ulimi hata mmoja."

"Kwa sababu tuna zetu," alisema Ersilia.

"Basi zielezeni. Mkizieleza na zikalingana na daftari langu, kikao kimekwisha."

Hapo nikamwona Oreste akitoa kalamu mfukoni, akiiminya, akigeuza daftari lake kwenye ukurasa safi. Hakuwa na haraka. Uso wake ulikuwa na utulivu wa mtu anayesubiri keki iive.

Nikaelewa. Sote tulielewa, isipokuwa Mholanzi. Oreste hakuamini hata kidogo kwamba Ersilia anavujisha siri. Alikaa naye dirisha kwa dirisha miaka ishirini, anajua mwanamke huyu asingemvusha foleni hata Papa. Alitaka ishara.

"Oreste," Ersilia alisema polepole, "wewe ni nyoka wa kwenye mfereji."

"Mimi ni mlalamikaji tu, mama," Oreste alijibu. "Soko huria hili. Ongea, tunasikiliza."

Gualtiero akamwinamia. "Ersilia, sema tu. Kombe lenyewe bati. Marghera kuna mbu wakubwa kama kuku."

"Si kombe, boga wewe. Ni yeye."

Nilitaka kusimama nipige kelele. Nilikuwa na hotuba kamili kichwani: jinsi mageuzi mazuri yanavyokabidhiwa kwa watu wanaopima joto la supu, jinsi mtu pekee aliyeishi kwa usawa kabla haujaandikwa ndiye anayeshtakiwa kwa kuuvunja. Lakini kazi yangu ilikuwa kuandika, na kabla sijafungua mdomo Ersilia alikuwa ameshavaa miwani anasoma karatasi iliyobandikwa mlangoni.

"Bwana Terpstra, kanuni ya nne ni yako?"

"Zote ni zangu," alisema, na masikio yake yakawa mekundu kidogo kwa fahari.

"Isome, tafadhali. Mimi macho yamechoka."

Hakuhitaji kuisoma, aliijua kwa moyo. "Habari yoyote itakayotolewa kwa upande mmoja wa soko, itolewe kwa pande zote, kwa wakati mmoja na kwa kiwango kilekile."

"Sawa. Huyu bwana ni upande mmoja, mimi ni upande mwingine, na Jumamosi tunashindana. Nikitoa ishara zangu asikie, naye atoe zake nisikie. Kwa wakati mmoja. Kwa kiwango kilekile."

Oreste alicheka, lakini alicheka peke yake. "Mimi sishtakiwi hapa! Bwana Terpstra, mwambie."

Mholanzi alifumba macho. Nadhani hakuna mtu, katika miaka yake yote ya kubandika kanuni kwenye milango, aliyewahi kusoma mojawapo na kuitumia. Alipofumbua macho uso wake ulikuwa karibu kupendeza.

"Kanuni haisemi mshtakiwa wala mlalamikaji," alisema. "Inasema habari."

"Hii ni kejeli! Ni mchezo wa karata!"

"Kwa hiyo unakubali kuwa ni mchezo wa karata?" aliuliza Bwana Terpstra, na kwa mara ya kwanza alimtazama Oreste kama alivyokuwa akiitazama supu.

Oreste alifunga daftari lake. "Sijasema hivyo. Basi naondoa malalamiko."

"Unaweza. Daftari langu linabaki, na mashaka yangu yanabaki. Bibi Bragantin lazima aeleze. Na akieleza, kanuni ya nne inatumika."

Akararua karatasi mbili zilizolingana, akampa kila mmoja yake. Wakaandika, kila mmoja akifunika kwa mkono kama mtoto wa darasa la pili. Bwana Terpstra akahesabu hadi tatu, karatasi zikabadilishana mikono katikati ya meza.

Ersilia alisoma ya Oreste. Akaisoma tena. Kisha akavua miwani.

"Kubana pua, ree. Kugusa nyusi, tatu. Oreste... hizi ni zetu."

Oreste alikuwa anatazama dirishani.

"Mwaka mzima umekuwa unacheza na Fausto kwa ishara zetu? Mimi nimejifunza mpya, nimemfundisha huyu boga, karibu niote ndevu, kumbe wewe hujabadilisha hata moja?"

"Sikuona sababu," Oreste alisema kwa sauti ndogo. "Zilikuwa nzuri."

"Zilikuwa nzuri," Ersilia alikubali. Halafu akakumbuka alipo. "Nyoka."

Kilichobaki kilikuwa jaribio. Bwana Terpstra alitoa karata mpya zikiwa bado ndani ya plastiki. Alikuwa amezinunua baa ya uwanjani kwa ajili ya uchunguzi. Alizichanga vibaya sana, zikamwagika, sote tukaokota. Akamwonyesha Ersilia karata mojamoja nyuma ya daftari, Gualtiero akiwa upande wa pili wa meza. Ersilia akakuna sikio. "Ree," alisema Gualtiero. Akapuliza hewa juu ya bakuli lisilokuwepo. "Tatu." Akatazama saa. "Mfalme." Akavimbisha shavu. "Farasi." Akashika kola. "Ghulamu." Mara kumi, akapata zote kumi. Ersilia akamtazama kama mama anayemtazama mtoto aliyetembea.

"Na wateja wa Via Miani?" aliuliza Bwana Terpstra, kalamu mkononi.

"Hao niliwaendea na baiskeli," alisema Gualtiero. "Nilibisha hodi mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, wetu na wasio wetu. Wateja wa Brezzafon wakiwa na shida, wanajibiwa na mashine. Bonyeza moja, bonyeza mbili, subiri muziki. Mimi nilikula keki ya bibi mmoja vipande vitatu na kumsikiliza habari za goti lake. Hiyo ndiyo siri yangu, iandikeni."

Niliiandika. Nilimwona Oreste akiiandika pia, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo habari pekee ya thamani aliyoondoka nayo siku ile.

Bwana Terpstra alisimama. "Bibi Bragantin, kiti ni chako. Nimekagua foleni yako ya mwaka mzima. Miji kumi na minne nimekagua, na hii ndiyo foleni pekee isiyopinda. Ningelisema mapema, lakini supu ilinichanganya."

"Usijali, bwana. Na wewe laini ya nyumbani kwako nimeiona. Namba hamsini na mbili."

"Najua," alisema. "Nangoja."

Jumamosi klabu ilijaa hadi kwenye ngazi. Pande zote mbili zilikuwa zinajua ishara za pande zote mbili, kwa hiyo watu wanne walicheza na nyuso kama sanamu za makaburini. Hakuna aliyekohoa wala kujikuna. Fausto alitoka jasho. Walikwenda sambamba hadi mkono wa mwisho. Hapo Fausto akaokota karata, na mkono wake, uliozoea mwaka mzima, ukapanda wenyewe ukabana pua.

Ukumbi mzima ukaguna. Ersilia hakupepesa. Alishikilia tatu yake ya turufu, akamlisha Fausto karata za takataka moja baada ya nyingine hadi ree yake ikamtoka kwa kula karata isiyo na thamani yoyote. Ndipo Ersilia alipoiteremsha mezani tatu yake, ambayo sasa hakuna karata ya kuishinda, taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Boga," alimwambia Gualtiero, "kalete divai."

Oreste alimpa mkono. Hawakusemezana, au kama walisemezana, kelele zilikuwa nyingi.

Jumatatu asubuhi nilishuka ghorofa ya kwanza na kumbukumbu za kikao ili Ersilia azitie saini. Bwana Terpstra alikuwa chumba cha chakula, amepiga magoti, anabandua utepe wa manjano kwa kucha. Aliniambia kanuni zake tisa zinatosha, utepe haumo. Ersilia alikuwa kwenye kiti chake kilichopasuka, simu begani, akiandika.

"Ndiyo, nimeiona, Oreste. Ofisi yenu mpya ya Via Silvestri, laini nne. Unataka lini? ... Ijumaa?" Akacheka hadi kiti kikalia. "Mnafungua Ijumaa, hongera. Naona hapa mbele yako kuna mchinjaji wa Lendinara, na shule, na mjane mmoja wa Grignano. ... Ndiyo. ... Hapana, Oreste, hata kama ni mimi."

Alisikiliza kidogo, uso ukalainika, kisha akachomeka kalamu nyuma ya sikio la kushoto na kulikuna.

"Siku kumi na moja," alisema. "Kama mtu yeyote."